Wadudu rafiki, wavu au mwarobaini: bustani yako inahitaji kipi?

Ukishaamua kuachana na sumu za viwandani kwenye bustani ya nyumbani, unabaki na swali moja gumu: hawa vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, na viwavi sasa nitawafanyaje? Ushauri uko tele. Panda maua, pulizia mwarobaini, funika kwa wavu, fuga bata, chimba kidimbwi cha vyura. Shida ni kwamba yote hayo hutiwa kapu moja kwa kuwa ni ya asili, ilhali mengine yanahujumu mengine. Bata anameza konokono, na akimkuta chura mdogo anammeza pia. Wavu unaomzuia kipepeo asitage kwenye kabichi unamzuia vilevile nyigu mdogo ambaye angewamaliza viwavi wake. Maji ya sabuni hayambagui kidukari na buu anayemla kidukari.

Hapa nalinganisha njia tatu kubwa, yaani kualika, kuzuia na kupulizia, kwa maswali matatu: inafanya kazi haraka kiasi gani, inamgusa nani zaidi ya adui uliyemlenga, na inakudai nini wewe mwenye bustani. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kualika ndio msingi. Kuzuia ni kwa ajili ya miche na matunda yanayoiva. Kupulizia kuje baada ya kugeuza jani, kuangalia chini yake, na kujiridhisha kwamba hakuna msaidizi aliyekwisha kufika.

Kualika

Anza na shina moja. Chukua kichipukizi cha mharage kilichojaa vidukari weusi, ukigeuze taratibu, ukitazame kwa kioo cha kukuzia au hata kwa kamera ya simu. Kama bustani haijapuliziwa kwa muda, hutakuta vidukari peke yao. Baadhi yao wamevimba, wamepauka na kuwa kahawia, hawasogei. Hao wamekwisha kufa. Ndani ya kila mmoja analelewa mtoto wa nyigu wa milimita 2 au 3, na ukiona tundu la duara mgongoni ujue nyigu keshatoka na kwenda kutaga ndani ya vidukari wengine. Karibu nao utaona kijidudu kisicho na miguu, cha kijani kibichi au rangi ya maziwa, kinachojikokota kama konokono asiye na gamba. Huyo ni buu wa nzi-maua, yule nzi mwenye mistari myeusi na ya njano anayesimama angani mbele ya ua. Buu mmoja anaweza kula vidukari mia kadhaa kabla hajawa pupa.

Halafu yuko wa tatu: mrefu, mweusi, miguu sita, madoa ya rangi ya chungwa ubavuni, na mwendo wa haraka unaotia shaka. Huyo ni buu wa mdudu kibibi. Karibu kila mtu anamjua mzazi wake, kile kimbawakawa cha mviringo, chekundu, chenye madoa meusi, na humwacha kwa furaha apite mkononi. Mtoto anapondwa kwa sababu hafanani na mzazi, na ndiye mlaji mkubwa. Kama kuna jambo moja tu utakalolibeba kutoka hapa, liwe kumtambua buu huyu na kumwacha salama.

Sasa tuje kwenye kasi, maana hapa ndipo njia hii inapoachwa na wengi. Kwa sehemu kubwa ya mwaka kidukari jike huzaa watoto walio hai bila dume, na penye joto mtoto huyo naye huanza kuzaa baada ya siku 7 hadi 10. Mdudu kibibi hana kasi hiyo. Hutaga mayai, yakaanguliwa baada ya siku chache, kisha buu akahitaji wiki kadhaa mpaka awe mkubwa. Matokeo yake wasaidizi daima hufika wakiwa wamechelewa. Kuna kipindi cha wiki 2 au 3 ambacho vidukari wanaongezeka mbele ya macho yako na hakuna dalili ya msaada. Mtu anashika bomba na kupulizia. Anaua vidukari wengi pamoja na wale wasaidizi wachache waliokuwa ndio kwanza wameanza kufika. Vidukari waliosalia wanajaa tena upesi, wasaidizi hawarudi kwa kasi hiyo, na mwenye bustani anabaki akiamini kwamba wadudu rafiki hawana maana. Walikuwa njiani.

Historia ina mfano mkubwa wa jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1880, michungwa na milimau ya California nchini Marekani ilikuwa inaangamizwa na kidugamba mweupe, mdudu mfyonza utomvu aliyetokea Australia. Mwaka 1888 mtaalamu wa wadudu Albert Koebele alitumwa Australia kumtafuta adui wa kidugamba huyo kwao alikotoka, akampata mdudu kibibi aitwaye Rodolia cardinalis. Waliopelekwa mwanzoni walikuwa 129 tu. Kufikia mwisho wa 1889 kidugamba alikuwa amedhibitiwa. Kisha miaka ya 1940 DDT, sumu ya viwandani ya kuua wadudu, ilipoanza kutumika kwenye mashamba yale, wadudu kibibi walikufa na kidugamba akarudi kwa nguvu.

Lakini usielewe kwamba mnyama yeyote anayekula wadudu anafaa kuletwa kutoka mbali. Mwaka 1935 vyura wa miwa waliletwa Queensland, Australia, ili wale mbawakawa walioharibu miwa. Mbawakawa hawakupungua, vyura wakaenea, na sumu iliyo katika ngozi yao ikawaua wanyama wa kule waliojaribu kuwala. Kazi ya Koebele ilifaulu kwa sababu alimtafuta mdudu mwenye mlo finyu kabisa. Bustani ya nyumbani haina haja ya kuingia huko kabisa. Hata wadudu kibibi wanaouzwa kwenye vifurushi mara nyingi huruka na kwenda zao muda mfupi baada ya kuachiwa. Waliopo karibu nawe watakuja wenyewe wakikuta pa kukaa.

Wanahitaji nini? Kwanza, maua madogo yaliyo wazi. Nzi-maua na nyigu wadogo wana midomo mifupi, hawafikii nekta iliyo ndani ya ua refu. Acha giligilani, shamari na karoti chache zitoe maua badala ya kuzing'oa zinapopita umri. Miavuli yao ya vijiua vyeupe na vya njano ndiyo inayovuta wasaidizi kuliko kitu kingine ninachokijua. Maua makubwa yaliyozalishwa yawe na petali rundo kwa rundo yanapendeza, ila mara nyingi hayampi mdudu chochote. Panga mimea ili pasikose ua lililochanua kwa muda mrefu wa mwaka iwezekanavyo.

Pili, makao. Rundo la magogo yanayooza pembeni, majani makavu chini ya mti, matandazo kwenye matuta: humo wanaishi mbawakawa wa ardhini, buibui, mijusi na vyura, ambao wengi huwinda usiku unapolala. Acha pia kipande cha ardhi kikavu, chenye jua, kisicho na matandazo. Dunia ina spishi za nyuki zaidi ya 20,000, na walio wengi hawana mzinga. Wanachimba viota vyao udongoni. Tatu, zima taa za nje usiku. Nondo na wadudu wengine wa usiku huzungukia taa mpaka wakachoka, na popo aliyepaswa kuwinda juu ya bustani huvurugwa na mwanga.

Ndege wana nafasi yao. Hata wale walao mbegu wakiwa wakubwa, wengi huwalisha makinda wao wadudu laini, hasa viwavi. Kichaka chenye miiba ambamo ndege wanaweza kujenga kina thamani kuliko chakula unachowamwagia, ingawa wachache kati yao watakudai sehemu ya matunda.

Njia hii inakudai uvumilivu na macho yasiyokasirishwa na majani yenye matundu, maana wasaidizi wasipopata chakula wanahama. Ina mipaka pia. Mche wa siku chache utakuwa umeshaliwa kabla wasaidizi hawajajua upo. Mdudu aliyeingia ndani ya shina au tunda hafikiwi na wengi wao. Na pale sisimizi wanapopanda na kushuka shinani, angalia vizuri: wanalamba umajimaji mtamu unaotolewa na vidukari, na kwa ajili hiyo huwafukuza wadudu kibibi. Hapo zungushia shina la mti utepe wenye gundi ili kuwakatia sisimizi njia, ndipo wasaidizi watafanya kazi.

Kuzuia

Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote, kwa kuwa mdudu hafiki kabisa. Haina sumu. Inachodai ni mikono na kutosahau.

Wavu huchaguliwa kwa ukubwa wa matundu. Kumzuia kipepeo wa kabichi, milimita 7 zinatosha. Kuwazuia vidukari unahitaji kama milimita 0.8, na nzi weupe wanapenya hata kwenye matundu wanayokwama wengine; wavu wa kuwazuia hao hupunguza hewa, na penye joto kali mimea inaweza kuungua humo ndani. Weka wavu siku ileile ya kupanda, uufukie kingo zote kwa udongo. Ukiweka baada ya kipepeo kutaga, umewafungia viwavi ndani pamoja na chakula chao, na umewafungia nje maadui wao. Mimea ya jamii ya maboga na matango ifunuliwe mara maua yanapotokea, la sivyo nyuki hawafiki na matunda hayashiki.

Ombi langu moja kuhusu wavu: uvutwe ukaze. Wavu uliolegea na kulala chini hunasa ndege, mijusi, nyoka na kalunguyeye, nao hufa polepole wakijinyonga. Ukichagua kitambaa chepesi chenye matundu madogo badala ya wavu wa nyuzi, hatari hiyo inapungua sana.

Kwa miche inayokatwa usiku na sota, yaani viwavi wanaojificha udongoni, zungushia kila shina kola ya karatasi ngumu, sentimita 3 chini ya udongo na sentimita 5 juu yake. Kwa vidukari wachache, maji yanayotoka kwa nguvu kwenye bomba yanatosha. Wengi wakianguka hawana uwezo wa kupanda tena. Kwa viwavi, tafuta mayai chini ya majani asubuhi, uyafute kwa kidole. Ukikuta kiwavi aliyebeba vifuko vidogo vyeupe mgongoni, mwache hapohapo. Keshaingiliwa na nyigu, hatakula sana tena, na kutoka kwake bustani itapata nyigu wengi zaidi.

Konokono ni habari nyingine. Maganda ya mayai, changarawe na mikanda ya shaba vinasifiwa sana, lakini jaribio la Royal Horticultural Society, chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza, lililotangazwa 2018 halikuona vikipunguza uharibifu. Kinachosaidia ni kwenda na tochi usiku baada ya mvua, kumwagilia asubuhi badala ya jioni, na kuiacha miche ikomae kwenye vyungu kabla ya kuihamishia bustanini. Zile punje za bluu zenye metaldehyde, sumu ya konokono, ziepuke kabisa. Matumizi yake ya nje yalipigwa marufuku Great Britain mwaka 2022 kwa madhara yake kwa ndege na wanyama wengine.

Kupulizia

Watu husema "hii ni ya asili" wakimaanisha haidhuru. Si kweli, na tofauti kati ya dawa hizi ni kubwa mno kuziita kwa jina moja. Nazipanga hapa kuanzia ninayoiogopa kidogo hadi ninayoiogopa sana.

Bt ni bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis. Ishiwata Shigetane alimgundua Japani mwaka 1901 kwenye viwavi wa hariri waliokuwa wakifa, na Ernst Berliner akamkuta tena Ujerumani mwaka 1911. Aina ya kurstaki huwaathiri viwavi wa vipepeo na nondo peke yao, na lazima wale jani lililopuliziwa. Huacha kula baada ya saa chache, hufa baada ya siku kadhaa. Mdudu kibibi, nyuki na buibui hawaguswi. Ubaya wake ni kwamba haitofautishi kiwavi wa kabichi na kiwavi wa kipepeo unayempenda, kwa hiyo pulizia mmea ulioshambuliwa tu, kamwe si kichaka cha jirani yake. Jua huimaliza ndani ya siku chache, na viwavi wakubwa huhimili kuliko wadogo.

Maji ya sabuni huua kwa kugusa. Mililita 10 hadi 20 za sabuni laini ya maji kwa lita 1 zinatosha. Kuzidisha kunaunguza majani. Kidukari, nzi mweupe au utitiri asipoloa hafi, na yakikauka hayana nguvu tena. Hilo ndilo linalonifanya niyapende: msaidizi anayefika kesho hakuti sumu. Anayekuwepo leo anakufa, ndiyo maana unapaswa kuangalia kwanza. Pulizia jioni, chini ya majani, na ujaribu kwenye jani moja kabla ya mmea mzima.

Mwarobaini ni wa taratibu. Azadirakitini iliyo ndani yake humwondolea mdudu hamu ya kula na kumvuruga asiweze kujivua gamba akue. Usitarajie maiti asubuhi. Angalia kama majani mapya yanatoka bila matundu baada ya wiki moja. Jua huuvunja haraka, hivyo nao hupuliziwa jioni. Unawagusa zaidi wanaotafuna jani kuliko wanaowinda, ingawa mabuu wachanga wa wasaidizi wakiloweshwa hawasalimiki wote. Weka mbali na kidimbwi.

Pareto inatokana na maua, na huangusha mdudu ndani ya dakika. Humwangusha yeyote: nyuki, mdudu kibibi, nyigu, vunjajungu. Ni sumu kali kwa samaki na viumbe wa majini. Kwamba huvunjwavunjwa na jua upesi ni kweli, lakini saa chache hizo zinatosha kufuta kazi ya miezi. Katika bustani inayotaka viumbe, sioni nafasi yake.

Na maji ya tumbaku yasikaribie bustani. Nikotini hupenya kwenye ngozi ya binadamu na inaweza kuua, na tumbaku hubeba virusi vya batobato vinavyoambukiza nyanya.

Mimea mseto, kuku na bata

Kuchanganya mimea kwenye tuta husaidia, kwa sababu mdudu anayetafuta mmea wake kwa harufu na rangi huupata kwa shida ukiwa katikati ya mingine. Ila sifa za merigoldi zimezidishwa. Kweli mizizi yake huwapunguza minyoo fundo, wale minyoo wadogo wanaoshambulia mizizi, udongoni, lakini hilo huonekana unapolijaza tuta zima merigoldi kwa msimu mzima, kisha ukapanda mboga baadaye. Michache iliyopandwa katikati ya nyanya inavuta nzi-maua, na hiyo ni faida tosha bila kuiongezea nyingine.

Kuku ni wazuri kwenye tuta tupu lililokwisha kuvunwa, kwa muda mfupi, maana wanafukua kila kitu. Bata hafukui sana na anawapenda konokono kuliko kuku anavyowapenda. Wote wawili wanakula wasaidizi wako pia. Ukitaka vyura na mijusi, fuga ndege hao nje ya uzio.

Uchague kipi?

Bustani ikiwa changa na yenye miche, anza na wavu na kola, huku ukipanda maua pembeni tangu siku ya kwanza ili yawe tayari wavu utakapoondoka. Bustani iliyokomaa na ambayo haijapuliziwa kwa msimu mmoja au zaidi, iache ifanye kazi. Jipe wiki 3 baada ya kuona vidukari kabla ya kuamua lolote. Viwavi wakiwa wamelizidi tuta moja na mikono haitoshi, tumia Bt hapo tu. Ukiwa umetoka kwenye matumizi ya sumu hivi karibuni, tarajia msimu wa kwanza mgumu, na usaidie kwa maji ya bomba na sabuni badala ya kurudi ulikotoka.

Ukiwa na vyungu tu kwenye baraza, bado unaweza kualika. Chungu kimoja cha giligilani iliyoachwa ichanue na kingine cha merigoldi vinatosha kumvuta nzi-maua hata ghorofani. Wavu hutauhitaji, maana mimea michache unaweza kuigeuza jani kwa jani kila asubuhi.

Kidimbwi kina masharti yake. Usitie samaki kama unataka vyura, kwa sababu samaki hula viluwiluwi. Upande mmoja uwe mteremko wa mawe ili aliyeingia aweze kutoka. Palipo na watoto wadogo, sahau kidimbwi na utumie sahani pana ya maji yenye mawe ya kutulia nyuki, ubadilishe maji hayo kila baada ya siku 2 au 3. Mbu huweza kukua kutoka yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja hivi penye joto, na sahani iliyosahauliwa haina kereng'ende wa kuwala viluwiluwi wao.